Mistari ya Mabano na Barua ya Talaso

Wanangu wa kundi la mafundi wa mtandao hapa Isiolo, nimesoma ugomvi wenu wote kwenye simu, kuanzia ujumbe wa kwanza hadi yale matusi ya mwisho yaliyofutwa haraka, na sasa macho yananiuma. Nimeelewa kwamba mmegawanyika kambi mbili. Wanafunzi wapya wanakuja kujifunza kazi, kompyuta zao zinatayarishwa, na hamjakubaliana kama ile programu ya kunasa pakiti iwaonyeshe mistari ya mabano au iwafiche mpaka wakomae. Ndipo mmoja wenu akaandika, "Tuulize Mama Waya, yeye ni wa zamani."

Wa zamani! Nimestaafu juzi tu, na meno yangu yote yapo isipokuwa mawili. Hata hivyo mmeniita, nami nimekuja. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu nikianza kuongea juu ya jambo hili sauti hupanda, na majirani zangu wa mtaa wa Wabera hutoka nje kuuliza nani amefariki.

Kwa yule aliyejiunga na kundi jana na hajui tunagombania nini, nitaeleza kidogo. Programu ya kunasa pakiti hukaa kando ya njia na kuandika kila kipande cha ujumbe kinachopita kwenye waya: kimetoka wapi, kinakwenda wapi, kimebeba nini. Hiyo ni mistari ya kawaida. Lakini programu ina mdomo pia. Ikishaandika ilichoona, inaongeza maoni yake: kipande hiki kimerudiwa, jibu hili limechukua sekunde kadhaa, hapa kuna kitu kimepotea. Maoni hayo hayakupita kwenye waya hata kidogo. Programu imeyakokotoa yenyewe kichwani mwake, na kwa sababu ina adabu, inayaweka ndani ya mabano ya mraba ili ujue ni yake. Basi swali lenu ni kama mtoto wa kazi aonyeshwe maoni hayo.

Mimi nina jibu, lakini silitoi bure. Mtasikia kwanza kuhusu barua.

Asubuhi moja nilipanda gari la ofisi kwenda Garbatulla nikiwa na bahasha ya kahawia kwenye mkoba. Ndani yake mlikuwa na barua ya kumfuta kazi karani wetu wa huko, msichana mmoja aitwaye Talaso, na ushahidi wote uliotajwa ndani ya barua hiyo ulikuwa karatasi mbili nilizoandika mimi. Barabara mnaijua. Kila tulipoingia shimo mkoba uliruka mapajani, nami niliukandamiza kwa mikono miwili kana kwamba barua ingetoroka. Nilikuwa na uhakika na kazi yangu. Nawaambieni ukweli, nilikuwa hata najivunia zile karatasi mbili, jinsi nilivyozipanga vizuri na jedwali la rangi.

Kabla sijafika Garbatulla, inabidi niwarudishe nyuma mpaka kwenye dari la Bwana Kirema.

Bwana Kirema alikuwa mkuu wetu katika ofisi ya vibali vya mifugo. Alikuwa mtu safi, mpole wa maneno, mwenye mapenzi makubwa na chai. Siku moja alilalamika kwamba kompyuta yake inatambaa. Wakati huo nilikuwa nimehamishwa kutoka kazi ya nyaya za simu, ambako tulitafuta ubovu kwa sikio. Unaunganisha simu ya majaribio, unasikiliza, waya mbovu unakoroma, waya mzima umenyamaza. Ghafla nikapewa laptopu na programu inayosema yenyewe penye kosa. Nilidhani nimeletewa malaika.

Nikaiweka kwenye kompyuta ya Bwana Kirema, nikanasa, nikaona balaa. Kila pakiti iliyotoka kwenye mashine yake ilikuwa na mstari mwekundu: namba ya uhakiki si sahihi. Namba hiyo ndiyo anayoitumia mpokeaji kujua kama ujumbe umeharibika njiani. Na hapa zote zilikuwa mbovu, zote kabisa, hata moja haikusalimika. Nikabadilisha kadi ya mtandao. Mbovu. Nikabadilisha tena. Mbovu. Niliweka kadi ya tatu, mpya, bado ina harufu ya kiwanda, na mistari ikawa myekundu kama mwanzo. Sasa mtu mwenye akili angejiuliza jinsi mashine inayotuma pakiti mbovu tupu inavyoweza kufungua magazeti ya asubuhi. Mimi sikujiuliza. Nikaamua ni kebo iliyo juu ya dari, nikapanda.

Dari lile lilikuwa la mbao laini. Bwana Kirema alikuwa na wageni watatu kutoka Meru, watu wa heshima, na walipokuwa wakinywa chai mguu wangu wa kulia ukatokea juu yao mpaka gotini, na kiatu. Nilining'inia pale. Kisha nikasikia sauti ya Mutuma, fundi mkuu wetu, aliyekuwa amekuja kuona vumbi linatoka wapi.

"Bokayo," akasema, "hiyo mguu ni ya mradi gani?"

Mutuma alikuwa Mmeru wa mlimani, mfupi, mwenye veve, ile miraa ya kwao, shavuni kuanzia saa nane mchana, na ndiye aliyenifundisha karibu kila kitu ninachojua. Alinisaidia kushuka, akaomba msamaha kwa wageni kwa niaba ya mguu, akanikalisha mbele ya kompyuta.

"Hii mashine haipigi hiyo hesabu yenyewe," akaniambia. "Inaachia kadi ipige, dakika ya mwisho, ndio pakiti itoke. Sasa wewe umeinasa kabla kadi haijaguza. Ni kama kushika mtu anatoka kwa bafu, hajavaa shati, halafu unaandika ripoti ati anaenda kazi kifua wazi. Si ungengoja avae?"

"Lakini programu imesema ni mbovu."

"Nani amesema? Waya ama programu?"

Nikaangalia vizuri. Maneno "si sahihi" yalikuwa ndani ya mabano. Kompyuta yenyewe ilitambaa kwa sababu Bwana Kirema alifungua kurasa za magazeti tangu Januari na hakuwahi kufunga hata moja.

Mutuma akaweka msimamo wake siku hiyo, nao ndio msimamo wa nusu yenu. "Waya haidanganyi," alisema. "Hiyo programu ndio iko na mdomo mrefu. Funga hiyo mdomo, usome chenye kimepita." Na mimi, kwa aibu ya ule mguu, nikawa mfuasi kuliko mwenye dini. Nilizunguka ofisi nzima nikificha mistari ya mabano katika kila mashine. Nikaenda matawi. Nikabandika ukutani karatasi yenye herufi kubwa: SOMA WAYA TU. Kijana yeyote aliyethubutu kuirudisha alinisikia mpaka stendi ya magari.

Isipokuwa mstari mmoja. Hapo ndipo penye ujinga wangu, nanyi msicheke haraka.

Utaratibu wa vibali ulikuwa hivi. Mfanyabiashara analeta mbuzi Isiolo kutoka upande wa Garbatulla. Ofisi yetu inatuma swali kwa kompyuta: je, mifugo ya fulani imekaguliwa huko, iko salama? Talaso anafungua daftari lake la chanjo, anajibu ndiyo au hapana. Kisha kibali kinatolewa Isiolo, na mashine ndogo ya kuchapisha iliyo kule Garbatulla inatoa nakala na kutuma neno kwamba imefika. Ili kufuatilia mambo hayo, niliandikia programu nyongeza yangu mwenyewe. Ilikuwa inaoanisha swali na jibu kwa namba ya kibali na kuonyesha muda uliopita katikati. Niliihangaikia wiki mbili, ikafanya kazi mara ya kwanza, jambo ambalo nyote mnajua halitokei. Niliipenda kama mtoto wa kwanza. Kwa hiyo nilipoficha maoni ya programu yote, maoni yangu niliyaacha. Na mabano yake yaliponikera, kwa sababu yalifanya kazi yangu ionekane ya kubahatisha, niliyaondoa. Nikaupaka mstari rangi ya kijani.

Basi malalamiko yakaja. Wafanyabiashara walikuwa wakingoja vibali mpaka malori yanapata joto na mbuzi wanalia. Mmoja alichoka kungojea nje, akaingiza mbuzi kumi na wawili kwenye korido yetu, wakala tangazo la usafi na nusu ya pazia. Bwana Kirema alitoka ofisini, akasimama kati yao, akasema kwa upole wake, "Nataka kujua ni nani analala."

Nikaweka laptopu upande wa Isiolo, kwenye njia ya redio iendayo Garbatulla, nikanasa siku tatu. Mstari wa kijani ukasema dakika thelathini na nane. Ukasema arobaini na moja. Ukasema thelathini na tano. Nikaandika karatasi zangu mbili, na juu kabisa nikaandika: "Imeonekana kwamba Garbatulla huchukua takriban dakika arobaini kujibu." Imeonekana! Hilo neno bado linanichoma. Vibali vilichelewa pale ofisini, lakini barua ya Talaso nawaambia haikuchelewa, iliandikwa na kupigwa mhuri kabla sijamaliza kukunja kebo. Na kwa kuwa nilikuwa naenda Garbatulla kuangalia betri za mlingoti wa redio, nikapewa niipeleke, aitie sahihi kwamba ameipokea.

Sasa tumefika.

Talaso nilimfahamu kwa simu zaidi kuliko kwa uso. Nilimkuta katika chumba cha ofisi, mrefu, mtandio wa bluu, meza yake imepangwa kama duka la dawa. Tukasalimiana salaam aleikum, tukaulizana amani ya nyumbani, ya mifugo, ya mvua, kirefu kama inavyotakiwa, na muda wote huo ile bahasha ilikuwa inanichoma mapaja. Mifugo, alisema, haikuwepo tena. Ukame wa nyuma ulimaliza ng'ombe wote wa nyumbani kwao. Mama yake alikuwa amevunjika nyonga na ndugu zake wawili walikuwa shuleni, na mshahara ule ndio uliobaki mahali pa zizi. Hakuniambia kwa kulalamika. Nilimuuliza habari, akanipa habari. Kisha nikatoa bahasha.

Aliisoma polepole, akaisoma tena ile karatasi yangu. Hakulia. Ningependa angelia, kwa sababu ningejua la kufanya.

"Mama," akaniuliza, "wewe uliniona nikichelewa?"

"Imeonekana kwa programu."

"Programu iliniona?"

"Ilinasa. Iko na muda, mpaka sekunde."

Akaweka karatasi mezani, akailainisha kwa kiganja. "Babangu alikuwa anatumwa sahan, kuangalia malisho mbele, kabla watu wahame. Akirudi wazee hawamwachi akunywe hata maziwa. Wanamuuliza, umeona nyasi na macho yako, ama umeona wingu huko mbali ukasema nyasi lazima itakuwa? Yeye anasema hii nimeona, hii nafikiria. Akichanganya, watu wanapeleka ng'ombe kwa mawe. Sasa wewe uniambie. Hii arobaini, uliona ama unafikiria?"

Nilikasirika. Mimi hukasirika zaidi ninapokuwa nimekosa, mume wangu anaweza kuwahadithia. Nikamwambia kwamba nimefanya kazi hii kabla hajajua kutambaa, nikafungua laptopu yangu juu ya meza yake kwa kishindo, nikasema tutanasa hapahapa, upande wake, aone mwenyewe anavyochelewa.

Haukupita muda swali likaingia kutoka Isiolo: mbuzi sitini wa mfanyabiashara fulani. Nilikuwa natafuta miwani. Talaso akavuta daftari, akaweka kidole kwenye mstari, akaandika, akabonyeza. Nilipoipata miwani yangu, ambayo ilikuwa kichwani, jibu lilikuwa limekwenda kitambo.

"Umetuma?"

"Nimetuma."

Nikaangalia skrini yangu. Njia ya redio, ile niliyokuwa nimeinasa siku tatu kule Isiolo, ilikuwa na swali tu. Hakuna jibu lililopita. Nikapiga magoti chini ya meza kufuata waya wa kompyuta yake, nikaufuata ukutani, nikatokea kwenye kisanduku cheupe nisichokijua. Ilikuwa redio ya pili. Nikampigia Mutuma.

"Ee, hiyo," akasema. "Niliweka hiyo ingine wakati mlingoti ilikuwa inatingika na upepo. Kompyuta nikahamisha huko, ikuwe inatuma na hiyo, lakini maswali bado yanaingia na ya zamani. Ile printa ndogo nikaacha kwa ya zamani. Si nilikuambia?"

"Uliandika kwa mchoro wa mtandao?"

Nilisikia akitafuna. "Mchoro nitaandika," akasema.

Basi sikilizeni vizuri, hapa pana ufundi. Swali lilikuwa linakwenda kwa njia ya kwanza, ambako laptopu yangu ilikuwa inakodoa macho. Jibu la Talaso lilikuwa linarudi kwa njia ya pili, ambako hapakuwa na mtu. Mstari wangu wa kijani ulikuwa umeona swali, ukakaa unangoja jibu lenye namba ile ile ya kibali. Na la kwanza kupita mbele yake lilikuwa lile neno la printa, kwamba nakala imefika. Ukalidaka, ukasema hili ndilo jibu la Talaso.

Lakini printa hutuma neno lini? Kibali kikishatolewa. Na kibali hutolewa lini?

Nikapiga simu Isiolo, akapokea tarishi wetu. "Bwana Kirema yuko?"

"Ametoka chai, Mama. Lakini amesema anarudi saa hii."

Maana hakuna kibali kilichotoka bila Bwana Kirema kubonyeza "Kubali" kwa mkono wake, na neno la siri hakumpa mtu. Tukangoja. Talaso akanimiminia chai ya maziwa ya ngamia, nzito, na tukakaa tukiitazama printa ile kama watu wanaongoja kuku atage. Dakika ya thelathini na sita ikakohoa, ikatoa karatasi. Nikaingia kwa mbali kwenye mashine ya Isiolo, ambako nilikuwa nimeacha programu inanasa. Mstari wa kijani: dakika thelathini na sita.

Ndipo nikafanya jambo ambalo sikuwa nimefanya tangu siku ya dari. Nikarudisha mistari ya mabano, yote. Ikafurika skrini nzima. Na katikati yake, karibu na kila swali, mlikuwa na mstari mmoja ndani ya mabano yake ya heshima, unaosema kwamba Isiolo imekiri kupokea kipande ambacho programu haikukiona. Ulikuwepo kwa swali la mbuzi sitini. Nikarudi kwenye siku tatu zile, ukawepo kwa kila moja. Siku zote hizo programu ilikuwa inaniambia kwamba kuna kitu kimefika Isiolo bila kupita mbele yangu, na mimi ndiye niliyeiziba mdomo, nikauacha wazi wangu.

Cha kuchekesha ni kwamba namba yangu ya kijani haikuwa na kosa hata la sekunde moja. Nilikuwa nimepima chai ya Bwana Kirema kwa siku tatu, kwa usahihi mkubwa, na jedwali la rangi.

Nilimwambia Talaso. Akacheka mpaka akafunika uso na mtandio, nami nikacheka kwa sababu kucheka ni rahisi. Kisha akaacha kabla yangu.

"Na hii barua?" akauliza.

Nikamwambia nitairudisha. Akasema la, atairudisha yeye mwenyewe, akamwachia mwenzake zamu, akapanda gari letu. Njia nzima hakuongea na mimi. Nilijaribu habari ya mvua, akaniangalia tu.

Hapa nitatua kidogo niwape jibu lenu, kwa sababu nawajua, mkishajua mwisho wa hadithi hamtasoma tena. Waonyesheni wanafunzi mistari ya mabano. Yote, tangu siku ya kwanza. Ukimficha mtu maoni ya programu, hataacha kukisia. Atakisia mwenyewe, bila mabano, na atakisia vibaya kuliko programu. Lakini yeyote atakayeondoa mabano, au kupaka mstari wa kukokotoa rangi ile ile ya mstari wa kuonwa, nyang'anyeni kompyuta. Na kwa kila mstari watakaousoma, mwulizeni mwanafunzi: hii imepita kwenye waya, au imefikiriwa? Mwacheni ajibu kwa sauti. Halafu nasa pande zote mbili. Ukinasa upande mmoja tu, usiandike jina la mtu. Na wewe unayeongeza redio ya pili, chora. Mutuma amezeeka sasa lakini akisoma hapa ajue namsema yeye.

Wale wa kambi ya kuficha watasema wanafunzi watachanganyikiwa. Ndiyo, watachanganyikiwa. Mimi nilichanganyikiwa mpaka nikatoboa dari. Lakini dari lilizibwa mchana mmoja na hakuna mtu aliyekosa chakula kwa sababu yake. Siku nilipokuwa sijachanganyikiwa hata kidogo ndiyo siku niliyobeba ile bahasha.

Haya, ofisini.

Bwana Kirema alitupokea vizuri, akaagiza chai, jambo ambalo lilinipa tabu ya kutocheka. Sikuwa na ujasiri ninaoonyesha hapa. Nilikuwa nimebakiza miaka michache kabla ya kustaafu, na kumwambia mkuu wako kwamba yeye ndiye ugonjwa si mchezo. Nikaweka laptopu mezani kwake. Mstari wangu ulikuwa umerudishiwa mabano yake, na muda ulikuwa unapanda: dakika ishirini na mbili, ishirini na tatu.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Ni kibali kimoja, Bwana. Talaso... yaani mtu aliyeshika zamu yake, amejibu zamani. Programu inangoja neno la mwisho."

"Kutoka kwa nani?"

Nikashindwa kusema. Kumbukeni nilikuwa Mama Waya, mwanamke anayesikika mpaka stendi. Talaso ndiye aliyenyoosha kidole, kwa adabu, bila kumwelekezea yeye, akaonyesha skrini ya kompyuta yake. Vibali vitatu vilikuwa vimepangwa hapo, kila kimoja na kitufe chake cha kijani. Bwana Kirema akavitazama. Akatazama muda unaopanda kwenye laptopu yangu. Akanyoosha mkono, akabonyeza mara tatu, na baada ya muda mfupi, kwenye korido, mtu akapaza sauti, "Alhamdulillahi!" na mbuzi wakajibu.

Bwana Kirema akaondoa miwani, akaifuta. "Hii barua," akasema hatimaye, "ilikuwa rasimu."

Ilikuwa na mhuri na sahihi, lakini hatukubisha. Akaichana mwenyewe, vipande vinne, na kuanzia wiki iliyofuata naibu wake akapewa neno la siri. Mtu yule alikuwa na aibu, na aibu yake ilifanya kazi, hilo nampa. Kisha akavuta faili ya Talaso, akachomoa zile karatasi zangu mbili, akasema na hizi tuzitupe, mambo yaishe.

"Hapana," akasema Talaso.

Sote wawili tukamwangalia.

"Usitoe, Bwana. Watu wa Garbatulla na hapa Isiolo washasikia mimi nalala kazini. Ukitoa hiyo karatasi, kesho mtu atafungua faili, hataona kitu, atasema kulikuwa na kitu kikafichwa. Iache. Mama aandike chini yake."

"Niandike nini?" nikauliza.

"Chenye uliona. Na chenye ulifikiria."

Nikachukua kalamu. Miaka yote ile ya kazi nimeandika ripoti kwa lugha ya ofisi, imebainika, imethibitishwa, imeonekana, maneno yasiyo na mwenyewe. Nilikuwa na machozi ambayo sikutaka yaonwe, nikainama karibu na karatasi. Niliandika: "Swali niliona likitoka Isiolo. Jibu la Talaso sikuliona, kwa kuwa sikuangalia lilikopita. Dakika hizi nilizikisia, nikaziandika kama nimeziona. Talaso hakuchelewa. Aliyekosa ni mimi." Nikatia sahihi, jina langu lote, Bokayo na la baba yangu.

Talaso akaivuta karatasi upande wake. Akasoma polepole, kidole chini ya kila neno, kama anavyosoma daftari lake la chanjo. Alipofika mwisho akanirudishia.

"Weka tarehe," akasema.

Nikaweka tarehe. Akaifunga faili kwa mkono wake, akaiweka mbele ya Bwana Kirema, akainuka, akauliza kama kuna gari la kurudi Garbatulla leo, kwa sababu kesho asubuhi yuko kazini.